Risasi ndogo kwenye bastola kubwa

Risasi ni ghali, na mwenye bastola ya leseni hapa Arusha hahitaji kuambiwa. Unachukua boksi la hamsini la milimita tisa, unakwenda uwanja wa shabaha Jumamosi asubuhi, na chai haijapoa kwenye chupa boksi limekwisha. Kwa hiyo wengi tunaomiliki bastola hatupigi. Inalala kwenye sefu, inatolewa kupanguswa vumbi, inarudi. Nawafahamu watu wanaotembea nayo kiunoni mwaka wa ngapi sijui, na ukiwauliza mara ya mwisho walifyatua lini wanageuza mazungumzo.

Mimi ni dalali wa madini. Kazi yangu ni mawe madogo yenye thamani kubwa, na tangu biashara ya tanzanite ihamishiwe Mererani, kule machimboni, mwaka 2021, barabara nayo imekuwa sehemu ya kazi. Leseni niliiomba kwa sababu hiyo, nikaipata kwa hatua zake zote. Nilichonunua ni CZ 75, bastola iliyobuniwa na ndugu wawili wa Kicheki, Josef na František Koucký, chuma kitupu kuanzia juu mpaka chini. Wenzangu sokoni walinicheka, wakasema mama kanunua jiwe la kusagia. Nao uzito huo huo ndio uliokuja kunifaa.

Aliyenionyesha njia ya risasi ndogo ni mstaafu wa jeshi aliyewahi kufundisha silaha ndogo, ambaye pale uwanjani sote tunamwita Afande basi. Siku aliyonikuta napiga alisubiri nimalize, akatembea hadi kwenye karatasi, akaweka kiganja juu ya matundu. Yote yalikuwa chini kushoto, yameenea kiasi cha kiganja hicho.

"Shikamoo Afande," nikasema, maana sikuwa na la kusema jingine.

"Marahaba mama. Bastola yako nzima kabisa. Tatizo unaiogopa."

Akataka kujua napiga risasi ngapi kwa mwezi. Nikamtajia. Akasema kwa mwendo huo nitaacha kuiogopa nikiwa na vitukuu. "Katafute pointi ishirini na mbili."

Nilidhani ananiambia ninunue bastola ya pili. Kumbe alimaanisha hiyo hiyo CZ, fremu ile ile, kitako kile kile, triga ile ile, ila sehemu ya juu, yaani slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila ukifyatua), mtutu na springi yake, unaivua na kuvalisha nyingine inayokula risasi ya .22 Long Rifle, pamoja na magazini yake, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye kitako. Wapo watengenezaji kadhaa duniani, kila mmoja na bastola anazozihudumia: Glock, Colt 1911, Beretta, na hii yangu.

Risasi yenyewe ni bibi kizee, imetoka mwaka 1887 katika kiwanda cha Stevens huko Marekani. Kichwa chake kwa kawaida kina gramu 2.6 hivi, wakati cha milimita tisa ni gramu saba na nusu hadi nane. Lakini tofauti ya maana iko nyuma ya ganda. Ganda la tisa lina fataki yake katikati, kile kifuniko kidogo cha duara kinachogongwa na pini. La ishirini na mbili halina fataki ya kujitegemea. Dawa ya kuwashia imefichwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe, na pini inauponda ukingo. Ndiyo maana ganda ni jembamba, halijazwi tena likishalipuka, na linatengenezwa kwa urahisi kwa mamilioni. Unafuu wa bei unatoka hapo. Kwa fedha ya risasi moja ya tisa mimi nilikuwa napata tatu za ndogo, siku nzuri nne.

La sheria nitalipita haraka, ila usiliruke. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mtutu wa pili wa kaliba nyingine, yaani wa unene mwingine wa risasi, si kitu cha kumwagiza binamu anayerudi na ndege. Nilianzia polisi, kwa wanaohusika na silaha, nikiwa na picha na maelezo ya kiwanda mkononi, na kilichoingia kiliingia kwa jina langu kupitia muuza silaha mwenye leseni, risasi zake nazo zikaandikwa. Ilichukua muda. Afisa aliyenihudumia alikuwa hajawahi kuiona seti ya namna ile, na ilipofika aliniomba nimwonyeshe inavyovaa.

Bahati mbaya siku hiyo ilikuwa haivai. Seti ya CZ inaitwa Kadet, na kwa nyuma, upande wa chini, ina vijisehemu viwili vya chuma vilivyoachwa vinene kidogo kwa makusudi, ili viondolewe kulingana na fremu ya mwenyewe. Nilifikiria kumpelekea fundi wa mashine kule Unga Limited. Afande akakataa katakata. Alikuja na tupa laini na kalamu ya maka nyeusi. Akapaka wino kwenye vile vijisehemu, akaisukuma seti kwenye reli za fremu kwa kidole gumba mpaka ikagoma, akaivuta tena. Pale wino ulipokwanguka paling'aa padogo sana, kama punje ya ufuta. Akapitisha tupa mara moja, mbili, pale tu, akapangusa, akapaka wino upya. Tulikaa hivyo chini ya mti asubuhi nzima. Mimi nataka akaze mkono tumalize, yeye ananijibu chuma ukishakitoa hakirudi. Mwishowe ikaingia kwa kubana, haichezi hata ukiitikisa, na naamini sehemu kubwa ya shabaha ya ile seti imo kwenye uvivu ule wa makusudi.

Sasa kuibadilisha ni kazi ya muda mfupi. Magazini nje. Slaidi nyuma, chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kulipuka, naiangalia kwa macho kisha kwa kidole, maana macho yana mazoea ya kuona yanachotarajia. Nalinganisha alama mbili, moja ya slaidi na moja ya fremu, nasukuma kile kizuizi cha slaidi kitoke ubavuni, sehemu ya juu inachomoka kwa mbele. Kadet inaingia palepale, kizuizi kile kile kinarudi mahali pake.

Ndani mambo ni mengine kabisa. Kwenye tisa, mtutu na slaidi vinafungana wakati risasi inalipuka, vinarudi nyuma pamoja kidogo, kisha mtutu unashusha sehemu yake ya nyuma na kuachia. Ni mtindo wa Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani. Risasi ndogo haina ubavu wa kusukuma chuma chote hicho. Kwa hiyo seti nyingi, za Glock kwa mfano, zina slaidi ya aluminiamu, na ukiivalisha unasikia bastola imepungua mkononi. Kadet imepita njia yake: mtutu na vilengeo vyote viwili vimetulia tuli juu ya fremu, na kinachorudi nyuma ni kipande kifupi cha mwisho tu. Uzito unabaki karibu ule ule wa siku zote. Na kwa kuwa mtutu hausogei, inapiga pale pale. Kwenye mita kumi niliwahi kupata kundi la matundu ambalo kisoda kimoja kililifunika, nikaliondoa lile karatasi na kulikunja kwenye mkoba. Niliwaonyesha wale wa jiwe la kusagia.

Afande anapenda kusimulia kwamba wazo hili si la jana. Jeshi la Marekani lilikuwa na Colt 1911 yenye risasi nene ya .45, na kati ya vita viwili vya dunia fedha za mazoezi zilikuwa za shida. Mwaka 1931 Colt wakatoa bastola iliyoitwa Ace, umbo la 1911 lakini ya pointi ishirini na mbili. Ilifanya kazi, ila haikuwa na teke, ule msukumo wa kurudi nyuma mkononi, na wanaojua walilalamikia hilo. Dawa ikatoka kwa David Marshall Williams wa North Carolina, mtu aliyeanza kubuni silaha akiwa gerezani. Alitengeneza chemba inayoelea: chemba ni kipande cha peke yake, na gesi ya baruti inaisukuma nyuma kwa uso mpana kuliko ganda peke yake, kwa hiyo risasi ndogo inapiga teke karibu na la kubwa. Ikaingia kwenye Ace ya mwaka 1937. Mzee akifika hapo husimama kidogo, kisha anaongeza kwamba ile chemba ilijaa masizi na madini ya risasi upesi mno ikakwama, na askari walishinda wanaikwangua. Anacheka peke yake. Nadhani amewahi kuagizwa kukwangua kitu cha namna hiyo.

Uchafu ndio mzigo wa kweli wa risasi hii, na kwetu una nyongeza. Kichwa chake aghalabu ni madini ya risasi matupu, hakina koti la shaba la kutosha, nacho kimepakwa nta au grisi. Masizi, nta, na baruti ambayo haikuungua vyote vinabaki ndani. Halafu ongeza vumbi la Arusha, lile jepesi la kijivu la udongo wa Meru linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa. Mwanzoni nilikuwa naipaka mafuta kwa ukarimu, kama bastola ya tisa inavyopenda. Mafuta yakawa yanakusanya vumbi, na nikifika magazini ya nne au ya tano kile kipande cha nyuma kinaanza kutembea kwa uvivu, ganda linabanwa likiwa limetoka nusu. Sasa napaka tone kwenye reli, naeneza kwa kidole, nafuta ziada. Kipupwe, Juni na Julai, nta inakuwa ngumu zaidi, na mtutu nausafisha mara nyingi kuliko Januari. Sina uthibitisho wa kitaalamu kwa hili la baridi, ni macho yangu tu.

Magazini nayo ina adabu zake. Kwa sababu ganda lina ukingo uliotokeza, risasi ya juu lazima ukingo wake ukae mbele ya ukingo wa ile ya chini. Ukijaza ovyo, moja inajificha nyuma ya nyingine, na slaidi ikisukuma haitoki hata moja. Jaza taratibu, gonga nyuma ya magazini kwenye kiganja, angalia. Usinunue pia zile zenye kasi ndogo, zilizo chini ya mwendo wa sauti, kwa sababu ya bei au ya utulivu wake. Seti nyingi zinataka yenye kasi kubwa ili zipate nguvu ya kujikoki zenyewe.

Kisha kuna zisizolipuka. Dawa ya ukingoni haienei sawasawa kila mara. Pini ikiponda mahali palipokosa dawa, unasikia "tik", basi. Hapo mtutu unabaki umeelekea shabaha nusu dakika nzima kabla hujagusa kitu, kwa kuwa risasi inaweza kuchelewa kuwaka. Na ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, simama, vua, chungulia mtutu. Kichwa kinaweza kuwa kimekwama ndani, na ukifyatua nyingine nyuma yake unaharibu bastola au mkono.

Hizi zisizolipuka nilizichukia mpaka Afande aliponifundisha kuziangalia. Risasi inapolipuka, teke linaficha kila kitu ulichofanya. Isipolipuka, unaona mkono wako ulivyo. Aliniambia macho yasitoke kwenye kilengeo cha mbele, na pale "tik" itakapotokea nimwambie kilengeo kilikwenda wapi. Kikikaa tuli, mkono umetulia. Kikichota chini, ulikuwa unalisubiri teke. Kwa miezi yote ya kupiga ile ndogo kilengeo changu kilitulia kabisa, hata mimi nikaanza kujiona.

Nikarudi kwenye tisa. Ya kwanza katikati. Ya pili karibu yake. Zilizofuata zikaanza kuteremka, chini kushoto, chini kushoto, njia ile ile ya zamani.

Nilitaka kuilaumu seti. Afande akaniomba magazini, akageuka, akajaza yeye, na katikati akachomeka risasi bandia ya milimita tisa bila kuniambia ni ya ngapi. Nilipoifikia, bastola haikulia, na mdomo wa mtutu ukainama waziwazi mbele ya kila aliyekuwapo. Mkono ulikuwa umejifunza kutulia kwa kile usichokiogopa, na mwili ulijua vizuri kabisa ni sehemu ipi ya juu imevaliwa siku hiyo. Risasi ya tisa inatoka na nguvu mara tatu au nne ya ile ndogo kutoka mtutu wa bastola. Huwezi kuudanganya mwili kwa tofauti hiyo.

Hapo ndipo nilipoona mgawanyo wa kazi. Seti inafundisha mambo mengi ya kweli: kuvuta triga moja kwa moja bila kukwatua, kuona vilengeo, kusimama, kuchomoa kwenye mkoba wa kiunoni, kubadilisha magazini, kupiga kwa mkono mmoja. Hayo yote yanahitaji marudio, na marudio ndiyo yaliyokuwa yananishinda kwa bei. Hofu ya teke haiitibu. Tena inaweza kukuzoesha vibaya bila wewe kujua. Mkono wangu wa kushoto, ambao kazi yake ni kubana ule wa kulia, ulikuwa umelegea kwa sababu risasi ndogo inasamehe. Na ile kasi ya kupiga mbili mbili niliyojivunia ilikuwa ya kukopa. Kwa tisa kilengeo kinaruka na lazima ukisubiri kirudi.

Siku hizi naanza na chache za tisa, mkono ukiwa baridi, kwa sababu barabarani hakuna atakayenipa muda wa kupasha. Kisha navalisha Kadet, napiga kwa muda mrefu, kitu kimoja tu kwa siku: triga peke yake, au kuchomoa peke yake. Namaliza kwa tisa, zikiwa zimechanganywa na bandia na mtu mwingine, kamwe si mimi mwenyewe. Gharama imepanda kidogo kuliko ndoto yangu ya mwanzo ya kupiga ndogo tupu, lakini iko mbali sana na zamani.

Nyumbani jioni nafanya mazoezi ya triga bila risasi, na hayo nafanya kwa sehemu ya juu ya tisa yenye bandia ndani. Kufyatua patupu kwenye ishirini na mbili si vizuri: hakuna ganda, kwa hiyo pini inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuutia kidonda, na baada ya hapo maganda yanakwama. Wengine huweka zile plastiki za kuingizia skrubu ukutani, za duka la vifaa vya ujenzi. Zile ndogo zinaingia chemba kama zimepimwa. Risasi halisi hazipo hata chumba hicho.

Kuhusu watoto na madini ya risasi, mimi ni mkali. Kichwa kisicho na koti kinaacha vumbi la sumu mikononi na kwenye nguo. Uwanjani hatuli mandazi mpaka mikono imeoshwa kwa sabuni na maji baridi, na nikifika nyumbani khanga na blauzi vinaingia kwenye ndoo yake kabla sijambeba mtu. Na kwa sababu ina mlio mdogo, watu wanaidharau risasi hii. Inaweza kufika zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikigusa jiwe inaruka pembeni. Kwa hiyo kingo ya udongo nyuma ya shabaha ni ile ile ya tisa, hakuna cha chupa juu ya ukuta wa shamba.

Shemeji yangu, naye dalali, amejaribu Kadet yangu mara kadhaa na sasa ananisumbua nimuulizie seti ya Glock yake. Anapiga vizuri sana kwa ndogo, na kila akipiga vizuri ananiangalia. Wiki iliyopita nilimwomba magazini yake ya tisa nimjazie. Alinipa bila kuuliza. Bandia ilikuwa ya tatu kutoka juu.

"Shemeji," akasema mtutu ukiwa umetazama chini mchangani, "hii risasi yako imeharibika."

Afande alikuwa amekaa nyuma yetu na kikombe chake. Akamwambia bei ya seti ataulizia yeye mwenyewe, lakini boksi la bandia alinunue kwanza.